Kinjeketile Aliwaza Nini Gerezani?

SWALI: Ninafundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Kila ninapouliza sifa za mhusika, wanafunzi hunipa orodha: ni jasiri, ni mzalendo, ni mwenye busara, nami nikichungulia chini ya dawati nakuta mwongozo wa kitabu, wenye majibu tayari, umefunguliwa. Mwenzangu alinishauri niwape kazi za kubuni ili wamfahamu mhusika kutoka ndani. Niliwaambia waandike shajara ya mhusika mkuu wa tamthilia ya Kinjeketile, ambayo tunaisoma kwa ziada, nikaletewa visa vya simu za mkononi na harusi ambavyo kitabuni havimo. Darasa lina wanafunzi 58 na mtihani hausubiri. Je, njia hii inafaa kweli, au ninapoteza vipindi? – Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu mwenzangu, njia inafaa, ila kazi uliyowapa ilikuwa pana mno. Mwanafunzi akiambiwa tu "andika shajara ya fulani", huwa ameruhusiwa kuandika chochote, naye atachota kilicho karibu naye, yaani simu na harusi. Uandishi wa kubuni humfunza mtu kumwelewa mhusika pale tu unapombana ndani ya pengo aliloliacha mwandishi, ambapo kabla ya pengo hilo na baada yake pana maneno yaliyochapishwa asiyoweza kuyakiuka.

Bahati nzuri umechagua kitabu chenye pengo la namna hiyo. Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, akitumia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, dhidi ya Wajerumani waliotawala Tanganyika, kama msingi wa kisa. Kinjeketile wa tamthilia anaingia mtoni, anatoka na maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani, kisha anaanza kuyatilia shaka maneno yake mwenyewe anapoambiwa kwamba alipokuwa amepagawa alitamka kuwa watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, yaani watatoka chini ya mtawala mmoja waingie chini ya mwingine. Anawasihi wasubiri kwanza, nao hawasubiri. Mwishoni yumo gerezani pamoja na Kitunda, kiongozi mwenzake, na anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Sasa mwanafunzi anayeandika "Kinjeketile ni jasiri" hajakosea, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu neno hilo moja limefunika jambo zima linalomfanya mtu huyu astahili kusomwa: alikwisha kuyashuku maji, na bado hakukubali kuyakana. Kwa nini mtu akatae kukana kitu ambacho yeye mwenyewe hana hakika nacho? Waambie wanafunzi waandike mistari kumi, kwa nafsi ya kwanza, ya anayoyawaza Kinjeketile baada ya kuambiwa akane na kabla ya kufungua kinywa. Pengo ni la dakika chache, mahali ni pamoja, na jibu atakalotoa tayari linajulikana, kwa hiyo hawana pa kukimbilia ila ndani ya kichwa chake.

Nilipowapa darasa langu zoezi hili, miaka kadhaa kabla ya kustaafu, kijana mmoja ambaye kwa kawaida hakuandika zaidi ya alichonakili ubaoni aliniletea mistari minne tu. Kinjeketile wake alikuwa akiwahesabu watu aliowapa maji kwa mkono wake, na alipofika kwa yule ambaye uso wake haukumbuki, akaacha kuhesabu. Nilimuuliza, kama nilivyomuuliza kila mmoja, "Umelitoa wapi?" Akaniambia kwamba ikiwa waliokufa walikwenda vitani kwa neno lake, basi akisema neno lilikuwa uongo atakuwa amewaua mara ya pili. Sikuhitaji tena kumfundisha sifa za mhusika huyo. Alichobakiza ni kutafuta jina la sifa aliyokwisha kuiona.

Swali hilo la "umelitoa wapi" ndilo linalotenganisha zoezi na mchezo, na ndilo pia litakalokuokoa na daftari 58. Usizisahihishe zote. Wape dakika kumi na tano za kuandika, kisha kila mmoja ampe jirani yake, na kazi ya jirani iwe kupigia mstari kila kilichobuniwa na kudai ukurasa unaokiunga mkono. Kubuni kunaruhusiwa, ila ubunifu uwe na pa kushikilia: tendo, neno alilolisema mhusika, au neno alilosemewa na wengine. Simu ya mkononi itafutika yenyewe bila wewe kugombana na mtu.

Jihadhari na jambo moja linalohusu kitabu hiki hasa. Kinjeketile wa historia alikuwepo, aliishi Ngarambe na alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, na wanafunzi wanaofanya vizuri katika Historia hupenda kumwazima huyo ili kujazia mapengo ya tamthilia. Mwandishi mwenyewe alikwisha kueleza kwamba wake ni kiumbe cha ubunifu. Ushahidi utoke kitabuni, si katika somo la jirani.

Kuhusu mtihani, sioni hasara. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE), ile ya fasihi, dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kitabuni, huulizwa muktadha kwa alama nne, yaani msemaji, msemewa, mahali na sababu, na aliyeandika kutoka gerezani hayo manne ameyaishi badala ya kuyakariri. Tena shajara, barua na mahojiano ni miongoni mwa insha za kiuamilifu, zile zenye muundo maalumu, za Karatasi ya Kwanza, hivyo kipindi kimoja kinalisha karatasi mbili. Mwongozo waruhusu wausome, lakini baada ya kuandika. Wengi watakuta wanabishana nao, na ubishi huo usiukatize hata kengele ikilia.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa kidato cha pili alirudi na daftari ambamo amejifanya msimamizi wa shamba katili wa hadithi wanayoisoma, akieleza kwa kauli ya "mimi" kwa nini huwachapa vibarua. Kaandika vizuri hata nikaogopa. Je, huku si kumfundisha mtoto kuutetea ukatili? – Mama Salma, Mombasa

JIBU: Marahaba, Mama Salma. Ukisoma tena daftari hilo, angalia kama msimamizi huyo anajisifu au anajitetea. Akijisifu tu, binti yako amechora mhusika bapa, asiye na undani, na mwalimu wake anapaswa kumrudisha kitabuni. Lakini kama ameandika kwamba msimamizi anamwogopa bwana aliye juu yake, au kwamba hawezi kuwatazama machoni wale anaowachapa, basi ameona jinsi ukatili unavyotengenezwa, jambo ambalo neno "katili" peke yake lisingemwonyesha. Hofu yako hata hivyo ina msingi, maana sauti moja ikiachwa peke yake huzoeleka masikioni. Mwombe aandike ukurasa wa pili, saa ile ile na shamba lile lile, na safari hii "mimi" awe kibarua aliyeinamisha mgongo. Kisha mkae naye, akusomee kurasa zote mbili kwa sauti.