Balbu ni yako, kitasa ni chake

Dada, mwenye nyumba wako wa Nyegezi amekosea kukutupia gharama za vyote vitatu: balbu iliyoungua, koki inayovuja na kitasa kilicholegea.

Balbu nunua mwenyewe, wala usimpigie simu. Ila zikiungua kila mara palepale, tatizo ni holda au nyaya, na nyaya za ukutani ni zake.

Koki inategemea. Mpira wa ndani ukiisha, fundi bomba anabadilisha kwa hela ndogo na wapangaji wengi hulipa wenyewe. Koki nzima ikifa kwa uzee, alipe yeye. Usichelewe kumwambia, maana kama mnachangia mita moja ya maji, bili ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ikipanda mtagombana majirani bure.

Kitasa kimechoka kwa kufunguliwa na kufungwa tu, hicho ni chake. Ungepoteza funguo ningesema vingine. Na usilale na mlango wa hivyo hata siku moja, tafadhali!

Kwanza soma mkataba wako. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mpangaji hurudisha nyumba kama alivyoikuta, ukiondoa uchakavu wa kawaida. Hapo ndipo pa kusimamia.

Mtumie picha na bei ya fundi kwa ujumbe wa simu, akubali kwa maandishi kwamba utakata kwenye kodi ijayo, ndipo ununue. Risiti tunza. Kukata bila makubaliano usijaribu, atakudai kodi pungufu.