Fildi kwenye asasi ya vikoba: nenda, ila kaa karibu na sanduku

Mdogo wangu, habari za masomo. Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema unasoma maendeleo ya jamii, uko mwaka wa pili, na mkononi una barua mbili za kukubaliwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo: moja ya tawi la benki hapo mjini, nyingine ya asasi ndogo ya wilayani inayolea vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, na wakulima wa alizeti. Asasi hawalipi, wenzako wanakwambia utaishia kutoa fotokopi na kuchemsha chai, na wewe kama binti unaogopa kwenda kukaa peke yako usikomjua mtu. Unauliza uchague ipi. Nitakujibu kwa niliyoyaona. Fildi yangu niliifanya kwenye asasi ya namna hiyo hiyo, wilaya ya Iramba mkoani Singida, Julai hadi Septemba 2013, na kwa miaka sita sasa mimi ndiye ninayepokea wanafunzi kwenye shirika ninalofanyia kazi.

Nenda kwenye asasi. Benki utajifunza nidhamu ya fedha, hilo silikatai, lakini hawatakuachia leja, daftari la hesabu, uishike. Asasi ndogo ina maafisa wawili watatu, pikipiki moja, na vikundi vingi kuliko siku za wiki. Mtu anayejua kuandika vizuri na kujumlisha bila papara anahitajika pale kuanzia siku ya kwanza. Fotokopi na chai utazifanya, zifanye kwa moyo mmoja, lakini wiki ya pili mwombe afisa akubebe kwenye pikipiki muende vikundini. Asipokubeba, panda boda. Ukikaa ofisini miezi miwili utarudi na ripoti iliyonakiliwa kutoka kwenye ripoti za wenzako wa mwaka jana. Huwa naziona, na sehemu zenyewe nazitambua.

Sasa nikueleze kinachofanyika huko, maana darasani sisi tulifundishwa nadharia tu.

Kikundi nilichopangiwa kilikuwa na wanachama 24, wanawake 19 na wanaume 5. Walikutana kila Alhamisi saa nane mchana kwenye darasa la shule ya msingi, wamekaa kwenye madawati ya watoto. Sanduku lao lilikuwa la chuma, lenye kufuli tatu. Funguo tatu zilikaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi, na sanduku lenyewe lililala kwa mweka hazina. Kwa hiyo mwenye sanduku hana ufunguo, na mwenye ufunguo hana sanduku. Kabla halijafunguliwa, katibu anasimama na kuuliza: "Alhamisi iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Darasa zima linajibu kwa sauti moja: "Laki moja na thelathini na sita elfu na mia tano!" Anauliza mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, wanajibu tena. Hapo ndipo kufuli zinafunguliwa, pesa inamwagwa kwenye beseni la plastiki, na wahesabu wawili wanahesabu mbele ya macho ya wote. Isipolingana na kile walichokitamka, hakuna kinachoendelea.

Mara ya kwanza nilidhani ni desturi tu ya kufungulia kikao. Nilipokaa nao nikaelewa kwamba ndio ukaguzi wenyewe. Wako wasiosoma, na daftari la katibu haliwasaidii kitu. Lakini kumbukumbu ya vichwa 24 haifutwi kwa kalamu ya mtu mmoja. Vitabu vyao vya hisa vimetengenezwa kwa akili ile ile: ukinunua hisa moja unagongewa muhuri mmoja, ukinunua tatu mihuri mitatu, mwisho mitano kwa kikao. Anayeshindwa kusoma jina lake anaweza kuhesabu mihuri yake. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Kwetu ulikuta upatu uko siku nyingi, ndiyo maana haukuwa mgeni sana masikioni mwa watu.

Nilikosea vibaya mwezi wa kwanza, na naliandika hapa kwa sababu wanafunzi ninaowapokea karibu wote wanakaribia kulirudia.

Afisa aliniomba niingize leja ya kikundi kwenye Excel. Nikakuta mama mmoja, mwanachama namba 11, amekopa 200,000 kwa miezi mitatu. Katiba yao ilisema riba ni asilimia 5 kwa mwezi ya mkopo wote, yaani 10,000 kila mwezi, jumla 30,000. Mimi nimetoka chuoni na hesabu ya riba ya salio linalopungua, yaani riba inatozwa kwenye deni lililobaki tu. Kama analipa deni kwa mafungu matatu sawa, mwezi wa kwanza riba ni 10,000, wa pili karibu 6,700, wa tatu karibu 3,300, jumla 20,000. Alhamisi iliyofuata nikasimama mbele ya kikao nikasema mama huyu anatozwa 10,000 ya ziada.

Darasa lilinyamaza. Bibi mmoja, namba 7, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo elfu kumi inakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Akagonga mfuniko wa sanduku kwa kiganja. "Inakwenda humu. Desemba inarudi kwangu, kwake, na kwa hawa wote."

Alichosema ndicho chuoni hakuna aliyetuchorea ubaoni. Riba ya kikoba si ya tajiri wa mjini. Mwisho wa mzunguko fedha zote zinajumlishwa, zinagawanywa kwa idadi ya hisa, na kila mtu anapata thamani ya mihuri yake. Mwaka ule walifunga na 4,560,000 kwa hisa 1,900, kwa hiyo hisa iliyonunuliwa kwa 2,000 ikalipwa 2,400. Hesabu yangu haikuwa na kosa kwenye karatasi. Kosa langu lilikuwa kufungulia deni la mtu mjadala ambao hakuuomba, kwenye kikao ambacho si changu, kabla sijamuuliza yeye mwenyewe hata neno moja. Namba 11 hakunitazama tena kwa wiki mbili.

Afisa wangu, Mungu ambariki, hakunifokea. Alinipeleka nyumbani kwa yule mama nikamwombe radhi. Tulimkuta uani anapeta alizeti, upepo wa Singida unampulizia makapi usoni. Alitupa vigoda, akatupa maji, radhi akaipokea. Halafu mwenyewe akaanza kueleza ule mkopo ulifanya nini. Julai, wakati wa mavuno, watu wana shida za haraka: ada, sare, na madeni ya wale wakopeshaji ambao watu wanawaita kausha damu. Wanauza alizeti kwa bei ya kutupa kwa madalali wanaojaza lumbesa, gunia linashonewa juu mpaka linaota nundu na linalipwa kama gunia moja. Yeye alichukua ile laki mbili akanunua kwa majirani kwa debe halali na bei iliyozidi ya dalali kidogo, akaweka stoo. Bei hupanda baadaye, mzigo unapoadimika na wenye mashine za kukamua wanapoutafuta. Lakini mkopo ni wa miezi mitatu. Oktoba anatakiwa awe amemaliza, kwa hiyo anauza nusu ya mzigo kabla ya wakati ili arudishe.

"Riba hainiumizi," akasema. "Kinachoniumiza ni tarehe."

Nilikuwa na leja yote kwenye kompyuta na hilo sikuliona. Nililipata kwa saa moja ya kukaa kwenye kigoda. Likawa ndiyo mada ya ripoti yangu: muda wa mkopo usiolingana na kalenda ya zao. Nilirudi vikundini, safari hii nikiuliza, nikakuta kilio ni kile kile kwa wanunuzi wengi wa mazao. Mzunguko uliofuata kikundi chenyewe kilibadili katiba: mkopo wa kununulia mazao miezi sita, mwingine wote mitatu kama zamani. Aliyelipendekeza kikaoni ni namba 11. Mimi nilikuwa nimesharudi chuo.

Kwa hiyo ukifika, uliza kabla ya kusahihisha, na muulize mtu nyumbani kwake au shambani kwake. Omba usomewe katiba ya kikundi siku ya kwanza kabla hujagusa daftari. Na hili naliandika kwa msisitizo: pesa ya kikundi isipite mfukoni mwako wala kwenye simu yako, hata kwa dakika tano, hata ukitumwa na mwenyekiti. "Nishikie tu nikirudi nitakupa" ndiyo iliyoharibu majina ya vijana wazuri niliowajua.

Kuna mambo ambayo mimi sikuyakuta na wewe utayakuta. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vimewekwa daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha na vinatakiwa kusajiliwa, kazi ambayo kwa huko chini inafanyika halmashauri. Halafu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Wanavikundi watakuuliza habari zake kila kukicha, kwa hiyo kabla hujasafiri nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ukajue fomu na masharti ya sasa. Mwanafunzi anayeweza kukaa na kikundi jioni moja kikajaza fomu yake vizuri, bila kumlipa mtu wa kuwajazia, ameshaifaa kata nzima. Lakini usiwaahidi kwamba watapata. Wewe si unayetoa.

Kuhusu maisha. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo wenye kifungu cha mafunzo kwa vitendo, vizuri, ila usipange safari kwa pesa ambayo haijaingia. Piga simu asasi uwaulize mambo mawili: kama wanaweza kukutafutia chumba kwa familia wanayoifahamu, na kama nauli ya kwenda vikundini wanaibeba wao. Asasi nyingi ndogo posho hawana lakini la pili huwa wanaliweza, ila hawalisemi usipouliza. Ukifika, ripoti kwa mtendaji wa kijiji na kwa mwenyekiti wa kitongoji na barua yako ya utambulisho. Kwa binti hiyo ni kinga, watu wanajua wewe ni mgeni wa nani. Vaa kwa heshima ya mahali, chukua kanga mbili. Kama ni huko Singida, jifunze salamu za Kinyiramba au Kinyaturu kulingana na utakapoangukia, wazee watakufungulia mlango kwa hizo tu.

Na ulilouliza kwa kuzungukazunguka mwisho wa ujumbe wako, nalijibu waziwazi. Ikitokea msimamizi yeyote, wa asasi au wa chuo, akakunyima saini yake kwa kutaka mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapigiwa bure 113. Usifute ujumbe hata mmoja, na mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Saini ya fildi inaweza kutafutwa upya mwaka unaofuata. Asikutishe mtu nayo.

La mwisho ni ripoti. Wiki moja kabla sijaondoka niliomba nusu saa kwenye kikao nikawasomea niliyoandika kuwahusu, kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, maana ya chuo ilikuwa kwa Kiingereza. Sikuwahi kuogopa mtihani wowote kama nilivyoogopa kile kikao. Walinisikiliza mpaka mwisho. Katibu akanisahihisha tarehe ya kuanzishwa kwa kikundi. Halafu namba 7, yule bibi, akanyoosha mkono. Nilikuwa nimeandika kwamba wanachama wengi hawajui kusoma na kuandika.

"Umetuhesabu?" akaniuliza.

Sikuwa nimewahesabu. Tukahesabiana pale pale, mmoja mmoja, kwa namba zao. Walikuwa sita. Nikakata "wengi" kwa kalamu mbele yao, nikaandika "6 kati ya 24", na ndivyo ilivyokwenda chuoni.