Kabla Hujapanda Kizimbani: Kiapo, Uthibitisho na Haki ya Shahidi

Nimewahi kuitwa mahakamani mara tatu kama shahidi, na mara ya kwanza niliharibu kabla sijaulizwa swali hata moja. Nililelewa mkoani Mara katika familia ya Kimennonite, dhehebu ambalo wamisionari wake walifika Shirati mwaka 1934, na ambalo tangu zamani huko Ulaya limeichukua kauli ya Mathayo sura ya 5, "Usiape kabisa", kama ilivyoandikwa. Kwetu hata mtoto aliyeropoka "haki ya Mungu" katika ugomvi wa gololi alikemewa. Basi karani aliponikabidhi Biblia na kuniagiza niinue mkono wa kulia nifuatishe maneno yake, niliona haya kumkatiza mbele ya hakimu na watu waliojaa ukumbini, nikaapa. Shauri lilikuwa la wizi wa injini ya mtumbwi, na niliyoyaona usiku ule ziwani niliyaona vizuri. Lakini kwa kuwa moyo wangu ulikuwa bado umebaki kwenye kile kiapo, nilisitasita hata katika mambo niliyoyajua kabisa, na wakili wa utetezi akapata mwanya wa kunionyesha kama mtu anayetunga.

Kilichoniuma baadaye ni kugundua kwamba sikulazimika kuapa. Mimi si mwanasheria, lakini jambo hili limeandikwa wazi katika Sheria ya Viapo na Matamko, Sura ya 34 ya sheria za Tanzania, ambayo ni ya tangu mwaka 1966. Sheria hiyo inamtaka shahidi aape, kisha inaweka nafasi ya kuthibitisha badala ya kuapa kwa mtu wa imani isiyo ya Kikristo, kwa mtu asiye na dini yoyote, na kwa mtu ambaye imani yake yenyewe inamkataza kuapa, hata akiwa Mkristo kama mimi. Kuthibitisha ni kutamka kwa dhati kwamba utakayoyasema ni kweli, na sheria inasema uthibitisho huo una nguvu ileile ya kiapo. Ndiyo maana shahidi anapopanda kizimbani huulizwa jina, umri, kazi na dini. Wengi hudhani swali la dini ni udadisi, kumbe jibu lake ndilo linaloielekeza mahakama imfunge, yaani imbane aseme kweli, kwa maneno gani.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba ulimalize jambo hili kabla jina lako halijaitwa. Mara ya pili nilipopata hati ya wito nilifika mapema, nikamtafuta mwendesha mashtaka kwenye korido, nikamwambia kwa sentensi moja kwamba imani yangu hainiruhusu kuapa na kwamba ningependa kuthibitisha. Alinitazama kidogo, akaandika kwenye karatasi zake, na tulipoingia ndani akamweleza hakimu. Hakimu aliniuliza sababu, nikaitaja, akaendelea. Hapakuwa na mahubiri, wala hapakuwa na haja ya kuyatoa, na ninakusihi usiyatoe: mahakama inahitaji kujua tu kwamba una pingamizi na msingi wake ni upi. Kama wewe ni shahidi wa upande katika shauri la madai, mwambie wakili aliyekuita. Kama hakuna wakili, mwambie karani kabla hakimu hajaingia. Usisubiri kitabu kiwe tayari mkononi, kwa maana hapo ndipo haya inapomshinda mtu.

Karani anaweza pia kukukisia dini kutokana na jina lako, hasa katika nchi yetu ambamo ndugu wa tumbo moja wanaweza kuitwa Juma na Petro. Msahihishe kwa upole, papo hapo. Jirani yangu mmoja, mzee asiyefuata dini yoyote, aliwahi kuniuliza kama asikubali tu kitabu chochote atakachopewa, kwa kuwa kwake vyote ni sawa na asingependa kuonekana mkorofi. Nilimwambia kwamba akikubali atakuwa amefungwa na kiapo hicho vilevile, kwa sababu Kanuni ya Adhabu, inapoeleza kosa la kutoa ushahidi wa uongo, haijali ni utaratibu gani uliotumika kumfunga shahidi maadamu yeye mwenyewe aliukubali, na adhabu ya kosa hilo inaweza kufikia kifungo cha miaka 7. Lakini nilimwambia pia kwamba mtu anayeanza ushahidi kwa kuomba msaada wa Mungu asiyemwamini ameianza kazi ya kusema kweli kwa neno lisilo la kweli. Alicheka, akaenda akathibitisha.

Lipo kosa moja ambalo ni zito kuliko kuchagua namna isiyokufaa, nalo ni kutofungwa kabisa kwa kiapo wala kwa uthibitisho. Mahakama ya Rufani imekwisha kuutupa ushahidi uliotolewa bila kiapo wala uthibitisho, na katika migogoro ya kazi imewahi kufuta mwenendo mzima wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa sababu hiyo hiyo, shauri likarudi kuanza upya. Ndugu yangu mmoja alipatwa na balaa hilo baada ya kusubiri haki yake kwa muda mrefu, ingawa hakuwa na kosa lolote. Kwa hiyo ukiona umeanza kuulizwa maswali kabla hujaapa wala kuthibitisha, usione aibu kusema, "Mheshimiwa, sijaapishwa." Kumbukumbu zikiandikwa kwamba umethibitisha kabla ya neno lako la kwanza, hakuna atakayekuja kusema baadaye kwamba ulikuwa unapiga soga.

Tahadhari hiyo inahusu karatasi pia. Hati ya kiapo huandaliwa mara nyingi kwa kunakili ya mtu mwingine, na nimewahi kuletewa niisaini moja iliyoanza kwa kunitaja kuwa Mwislamu na kumalizikia kwa kuapa. Soma utangulizi na pale chini penye sahihi, na kama huapi, omba neno "naapa" libadilishwe liwe "nathibitisha" kabla ya kwenda kwa kamishna wa viapo.

Kwa watoto mambo ni tofauti, na mara yangu ya tatu mahakamani nilikuwa pamoja na mpwa wangu wa miaka 9, ambaye naye alikuwa shahidi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 katika Sheria ya Ushahidi, mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kuapa wala kuthibitisha, ila ni lazima kwanza aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Nilikosea kumkaririsha ahadi hiyo usiku kucha kama shairi la shule. Hakimu alipomuuliza kama anaahidi, alisahau maneno yangu yote, akafikiri kidogo, kisha akasema, "Nitasema ukweli, sitadanganya, hata kama mjomba atanikasirikia." Hakimu aliyaandika hivyo hivyo yalivyo.