Data za bahari ya Pemba: zitenganisheni kabla ya kusaini mkataba

Mdogo wangu, umeuliza kama muwape wenzenu wa chuo cha nje data zote za Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa cha Pemba na bara, maana mkuu wa idara anahofia usalama wa nchi. Hofu yake ina msingi, lakini msivunje ushirikiano. Mkondo ule unafika mita 800 hivi, na vyombo vya kupimia kina hicho ni ghali mno.

Joto la maji na chumvi, wapeni. Ramani za sakafu ya bahari, hapana, mpaka Serikali iidhinishe kwa maandishi. Zanzibar ina sheria yake ya mafuta na gesi tangu 2016, na kilichomo chini kina wenyewe.

Tena nakala kamili ibaki kwenye kompyuta za chuo chenu. Hapo ndipo tunapoumizwa sana: data inaondoka, kisha tunaiomba kama wageni. Mwanasheria wenu ausome mkataba kwanza.