Mfupa wa mama utaunga, ila usiishie kwenye plasta

Dada, pole. Umeuliza kama kifundo cha mkono cha mamako, aliyeteleza ngazini hapo Lamu, kitaunga ilhali ana osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungua uzito na kuwa dhaifu. Kitaunga, kwa kawaida wiki 6 hivi za plasta. Shida ni kwamba mfupa uliopungua uzito husagika, vipande vikasogea ndani ya plasta. Kwa hiyo arudie eksirei baada ya wiki moja, na tena ya pili. Akihitaji vyuma, skrubu hushika kwa taabu, daktari wa mifupa aamue.

Vidole avikunje na kuvikunjua kila saa. Vikifa ganzi, vikibadilika rangi au maumivu yakizidi, hospitali mara moja, hata usiku. Msingoje boti ya asubuhi. Tafadhali, asikandwe.

Kalsiamu ahitaji miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikiwemo: maziwa, dagaa wa kuliwa na miba. Kwa kuwa buibui huzuia jua, ambalo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ulizeni kama anahitaji ya kidonge.

Linalonitia hofu zaidi ni nyonga. Aliyevunjika hivi yuko karibu kuvunjika tena, basi ombeni dawa ya kuimarisha mifupa sasa. Kama ni kidonge cha alendroneti, anywe asubuhi kabla ya kula, kwa gilasi nzima ya maji, asilale kwa dakika 30. Kikikwama huchoma koo. Mwenye figo dhaifu apimwe kwanza.