Usiandike kwamba wewe ni "stubborn"

Juma lililopita dada mmoja wa Kadutu, mjini Bukavu, aliniandikia usiku: "Mkubwa, nina daftari la maneno mia sita ya Kiingereza. Nimeyakariri yote. Lakini nikifungua mdomo yanatoka 'good', 'bad' na 'very' tu. Nimelogwa?"

Hujalogwa, dada yangu. Umekariri kama nilivyokariri mimi, na kilichonipata sijakisahau.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi. Shirika moja likatangaza nafasi Goma: wanatafuta mtu wa Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Wakati huo nilikuwa nalala na orodha za visawe, neno moja kushoto, ndugu zake watano kulia. Humo "persistent", "tenacious" na "stubborn" yalikaa mstari mmoja kama watoto wa tumbo moja. Nikaona la mwisho lina nguvu. Barua yangu ikasema: "I am a stubborn worker." Nilitaka kusema sikati tamaa. Nilichosema ni kwamba mimi ni mbishi, nikiambiwa sisikii.

Waliniita hata hivyo. Nikapanda boti, shati la kuazima nimelikunja ndani ya mfuko lisichafuke. Mmoja wao akaisoma sentensi ile kwa sauti, wenzake wakacheka. Kisha akaniuliza kama ningekubali kuishi mbali na mji. Nikajibu "Eventually", kichwani nikiwa na "éventuellement" ya Kifaransa: labda, ikibidi. Kumbe kwa Kiingereza maana yake ni hatimaye, mwisho wa yote. Akauliza: "When?" Nikarudia "Eventually". Kazi ikaishia hapo. Miaka tisa imepita na kicheko kile bado nakisikia.

Sasa nisikilize. Visawe si mapacha. Wewe mwenyewe unalijua hili kwa Kiswahili: ukienda matangani unasema mzee amefariki, husemi amekufa. Na mbuzi wa jirani akifa, hakuna anayesema amefariki. Maana ni ileile, lakini kila neno lina watu wake na mahali pake. Ndivyo ilivyo kwa "slim" na "skinny", yote mawili ni mwembamba: la kwanza ni sifa, la pili linaweza kumuumiza mtu. Kwa hiyo niliichana orodha yangu nikaanza upya. Kila neno jipya nililiandikia sentensi moja ya maisha yangu, na pembeni nikaweka alama: linasifu, linaumiza, la ofisini, la nyumbani.

Tena sisi Wakongomani tuna mali ambayo hatuijui. Mwaka 1066 Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza, na kwa vizazi vingi wakubwa wa nchi wakawa wanasema Kifaransa. Ndiyo sababu Kiingereza kina "begin" na pia "commence" (kuanza), "ask" na pia "question" (kuuliza). Yale yanayoitwa maneno magumu, mengi yao tumeyasoma darasani kwa Kifaransa! "Tenacious" ni "tenace" tu. Lakini chunga maneno yanayofanana sura na ya Kifaransa na kutofautiana maana. "Actually" si sasa hivi, ni kwa kweli. "Library" si duka la vitabu, ni maktaba. "Sensible" si mwepesi wa kuumia, ni mwenye busara. Haya yaandike kwa wino mwekundu. Mimi yalininyima mshahara.

Yasiyo na Kifaransa ndani yake, au yanayokataa kukaa, yafunge kwenye kitu unachokiona. Neno "mitigate" lilinitesa wiki mbili. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha, nimesimama kwenye mteremko, nikaona upande mmoja udongo umeporomoka hadi barabarani, na upande wenye miti umeshika. Miti! Miti haizuii mvua, inapunguza madhara yake. Hiyo ndiyo maana kamili ya "mitigate": si kuzuia, ni kupunguza ubaya. Halikunitoka tena. "Abate" nalo nililipata kwenye bati la nyumba yetu, mvua ilipopungua na kelele zake zikapungua.

Halafu rudia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau haraka zaidi katika saa za mwanzo. Kwa hiyo neno la asubuhi lirudie jioni hiyohiyo. Mimi nilikata vikaratasi, nikagawa katoni ya sabuni vyumba vitatu. Ninalolijua linasogea mbele, nalirudia baada ya siku nyingi. Nililokosea linarudi chumba cha kwanza, nalirudia kesho. Maneno matano kwa siku, si hamsini.

Leo natafsiri ripoti kwa watu ambao zamani wangenicheka, na sioni haya kujivunia. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kazi zinazotaka Kiingereza zinatupita kila siku huku vijana wakijisifia unene wa daftari. Acheni kuhesabu maneno. Yatumieni, mkosee mbele ya rafiki kabla hamjakosea mbele ya anayetoa kazi.

Dada wa Kadutu, chagua kumi kati ya yale mia sita. Niandikie sentensi kumi kuhusu soko lenu, na kila sentensi uniambie kwa nini umechukua neno hilo ukamwacha ndugu yake. Nitazisoma zote Jumamosi.