Miezi Saba ya Gari Lililoyumba

Wiki iliyopita kijana mmoja anayemaliza shahada ya uhandisi wa umeme aliniandikia akiuliza asome hesabu zipi ili aingie katika utafiti wa magari yanayojiendesha. Nilianza kumwandikia orodha ya vitabu, kisha nikaifuta, kwa kuwa mimi sikuangushwa na hesabu.

Katika mwaka wangu wa pili wa uzamivu nilikabidhiwa usukani wa gari dogo la umeme, mfano wa yale yanayobeba wachezaji wa gofu, lililopaswa kufuata kwa kamera mstari mweupe uliochorwa katika uwanja wa maegesho. Nilitunga kidhibiti cha kisasa, yaani programu inayoamua usukani ugeuzwe kiasi gani, kinachokokotoa upya mwendo wa sekunde kadhaa zijazo kila mara kabla ya kugusa usukani, na ndani ya kompyuta gari liliteleza juu ya mstari kana kwamba lina reli. Uwanjani, lilipofikia mita 5 kwa sekunde, lilianza kuyumba kushoto na kulia, kila mara kwa upana zaidi, hadi nikabonyeza kitufe chekundu cha dharura. Walikuwapo wageni. Msimamizi wangu aliwaambia kwa kicheko kwamba gari limelewa, na kicheko kile sijakisahau.

Miezi saba iliyofuata niliimaliza nikirekebisha milinganyo, na haina la kusimulia. Aliyenifungua macho ni fundi wa karakana. Alisogeza ubao wenye utepe mweupe mbele ya kamera, huku simu yake ikirekodi ubao na tairi la mbele kwa pamoja, kisha akahesabu picha moja moja tangu ubao uliposogea hadi tairi lilipogeuka. Zilikuwa picha 9, katika video ya picha 30 kwa sekunde. Yaani sekunde 0.3. Kwa mwendo ule gari lilikuwa limekwisha kusonga mita moja na nusu kabla usukani haujaitikia, hivyo lilikuwa likisahihisha kosa la mahali lilipokwisha kupita. Kwenye barabara kuu, kwa kilomita 100 kwa saa, ucheleweshaji huohuo ni zaidi ya mita 8.

Mhandisi Nicolas Minorsky, aliyechunguza uendeshaji wa meli na kuchapisha kazi yake mwaka 1922, aliona kwamba mshika usukani haangalii tu meli imepotoka kiasi gani, bali pia imepotoka kwa muda gani na inageuka kwa kasi gani, ndiyo maana huanza kurudisha usukani kabla meli haijanyooka. (Mtoto yeyote aliyewahi kushika usukani wa dau angemwambia hayo bure.) Mimi nilikuwa nimesoma hayo, nikayafaulia mtihani, nikayaacha darasani.

Dawa ilikuwa fupi: kuzikumbuka amri za sekunde 0.3 zilizopita, kukadiria gari litakuwa wapi zitakapotimia, na kuamuru kwa mahali hapo. Kidhibiti changu cha fahari nilikitupa, kwani kanuni rahisi ilitosha. Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford lililoshinda mwaka 2005 mashindano ya magari yanayojiendesha ya DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, kwa kumaliza kilomita 212 za jangwa katika muda usiotimia saa 7, liligeuza usukani kwa kanuni ya mstari mmoja: pembe kati ya uelekeo wa gari na njia, ukijumlisha sahihisho linalokua kadiri gari linavyokuwa mbali na njia na kupungua kadiri mwendo unavyozidi. Katika mashindano ya mwaka uliotangulia hakuna gari lililofika hata kilomita 12.

Kwa hiyo, kijana wangu, pima. Pima kabla ya kuandika mlinganyo wa kwanza, na pima tena kila unapobadilisha kifaa. Usipende kidhibiti kwa sababu kina jina kubwa.

Mwezi uliopita gari lilifika mita 8 kwa sekunde bila kutikisika. Wageni walikuwapo, na msimamizi aliwaeleza jinsi "tulivyogundua" tatizo. Fundi hakualikwa. Nilimtumia video, naye akaniuliza kama nimepima tena tangu tulipofunga kamera mpya. Sikuwa nimepima.